Vita Nilivyovimaliza Nikiwa Darasa la Nne

Babu yangu alifariki akamwacha bibi katikati ya habari. Hivyo ndivyo bibi mwenyewe alivyolisema jambo hilo, na hakuwa anatania. Kila siku saa saba mchana babu alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, katika kijiji chetu cha mlimani upande wa juu wa Nyamongo, akafungua redio, akasikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili, kisha akamsimulia bibi kwa Kikurya. Bibi alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha kuulizia bei na kukataa bei. Wiki aliyougua babu, redio ilikuwa inaeleza habari za watu waliokuwa wanakimbia vita katika nchi moja ng'ambo ya ziwa. Siku ya mwisho aliyosimulia babu, watu wale walikuwa wamefika ukingoni mwa mto mkubwa, na mto umefurika.

Tukazika. Watu wakatawanyika, mvua zikaja na kuondoka. Siku moja bibi akaishusha redio kutoka darini, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaniwekea mapajani.

"Wewe si unasoma?" akaniambia. "Washa. Nataka kujua kama wale watu walivuka."

Nilikuwa darasa la nne. Nilikaa kwa bibi kwa sababu baba alikuwa anachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo na mama alikuwa anauza mitumba Sirari, na wote wawili waliona mlimani kwa bibi ndipo mahali ambapo mtoto anaweza kwenda shule bila kukwepa pikipiki. Nikawasha. Mtangazaji akasema habari za pamba, za mkutano, za timu ya taifa kufungwa. Kuhusu mto, kimya. Bibi alikuwa amenikodolea macho, mikono ameiweka magotini kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Wamevuka," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Hata mbuzi wao."

Bibi akashusha pumzi, akaingia jikoni, nikasikia anaimba. Hapo ndipo nilipoanza kazi ya utangazaji.

Sitaki nionekane mwongo tangu mwanzo. Siku nyingi nilitafsiri kwa uaminifu kadiri nilivyoweza, na nilivyoweza ni kidogo, maana Kiswahili changu chenyewe kilikuwa cha darasa la nne. Tena bibi alikuwa mgumu kutafsiriwa. Ninyi mnaotufahamu mnajua kwamba kwetu l na r ni mtu na ndugu yake. Anayekwenda kula anasema anakwenda kura. Sasa ukafika wakati wa uchaguzi, redio ikawa kutwa inahimiza wananchi wajitokeze kwa wingi kupiga kura. Neno hilo bibi alilijua. Akanisimamisha.

"Nchi nzima wanakula siku moja?"

"Ndiyo, bibi. Jumapili."

"Na nani kapika?"

Nikajaribu kueleza habari ya karatasi na sanduku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kumwita mtu mzima atoke nyumbani, apange foleni juani, halafu apewe karatasi, ni utani mbaya. Siku ya uchaguzi alikwenda, alichagua, akarudi akaulizia ugali.

Tatizo langu kubwa lilikuwa kwamba bibi hakusikiliza habari kama wanavyosikiliza watu wengine. Mtu mwingine akisikia mafuriko yamekumba mahali fulani, anatikisa kichwa, anaendelea kumenya muhogo. Bibi alitaka kujua wamelala wapi. Akisikia ukame wa kaskazini, aliuliza ng'ombe wamebaki wangapi na nani anawanywesha. Akisikia bomu limelipuka, aliuliza kama watoto wamekula. Redio haikuwa na majibu hayo. Na kama sikumjibu, bibi hakula, na kama bibi hakula, hakupika, na mimi nikalala na kipande cha kiporo. Kwa hiyo nikajibu. Nikawalaza watu wa mafuriko kwenye shule yenye mabati mapya. Nikawapa ng'ombe wa kaskazini bwawa.

Halafu, nakiri, nikaanza kujifikiria na mimi. Nilichukia sana kuzoa mavi ya ng'ombe asubuhi kabla ya shule, maana harufu ilikwenda nami darasani. Siku moja, kati ya habari za bei ya kahawa na michezo, nikapitisha tangazo: serikali imepiga marufuku wanafunzi kuzoa mavi siku za masomo. Bibi akafikiri kidogo. "Serikali inajua mpaka zizi langu?" akauliza. Nikamwambia inajua kila kitu. Kesho yake aliyazoa mwenyewe, na jioni akamweleza jirani kwamba serikali ya sasa ina huruma. Wiki iliyofuata serikali hiyohiyo ikaagiza watoto wa darasa la nne wapewe maziwa ya mgando kabla ya wageni.

Lakini kile kilichoniponza hakikuwa maziwa. Kilikuwa ni wale watu wa ng'ambo ya ziwa. Niliwavusha mto, nikadhani nimemaliza, kumbe vita viliendelea na redio ikaendelea kuvisema. Kila mchana watu wamekimbia, kila mchana wamechomewa nyumba. Bibi akawa anakonda. Alianza kuweka kando bakuli moja la ulezi kila akipepeta, anasema ni la wale, ingawa hakukuwa na namna ya kulifikisha. Mimi nilikuwa mtoto, nilichoka kuliona bakuli lile. Siku moja ya Alhamisi, betri zilikuwa zimechoka, tumezianika juu ya bati tangu asubuhi na bado sauti ilikuwa inakwenda na kurudi, nikaona hapa hapa. Nikaiinua redio sikioni, nikakunja uso, nikasema:

"Vita vimekwisha."

"Unasema?"

"Vimekwisha, bibi. Wamepatana. Wakubwa wameshikana mikono, askari wamerudi kwao kulima."

Bibi alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama haraka vile, hata nyoka alipoingia ghalani. Akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowatoa majirani nje, akaenda kwenye lile bakuli la ulezi, akalimimina kinuni, na jioni ile boma zima tulikunywa uji wa amani. Nilikunywa vikombe viwili. Ulikuwa mtamu.

Jumapili alivaa gauni lake la misiba na harusi, akamfunga miguu kuku mwekundu, tukaenda kanisani. Mchungaji wetu alikuwa mgeni, kahamishiwa kwetu kutoka Singida, Kikurya hakijui, kwa hiyo kila kitu kilipitia kwa mzee wa kanisa aliyekuwa mkalimani. Wakati wa shukrani ulipofika, bibi akainuka na kuku wake akaenda mbele. Mimi nikaanza kuhesabu mabati ya paa.

Bibi akanena kwa Kikurya, kwa sauti ya kutosha hadi mtoni. Mkalimani akamgeukia mchungaji.

"Mama anasema anamshukuru Mungu kwa ajili ya vita vya ng'ambo kwisha. Anasema marehemu mume wake alikuwa na wasiwasi sana na wale watu, na sasa apumzike."

Waliokuwa na redio walitazamana. Mchungaji naye alikuwa na redio. Kila mtu aliwahi kuisikia ikiunguruma nyumbani kwake asubuhi.

"Vita vipi?" akauliza polepole.

Mkalimani akatafsiri. Bibi akamtazama mchungaji kwa huruma, kama mtu aliyepitwa na dunia, akamweleza: wakubwa wameshikana mikono, askari wamekwenda kulima. Mkalimani akayasema hayo huku sauti inapungua. Nyuma mtu akakohoa kicheko.

Mpaka leo nikimkumbuka mchungaji yule namwombea heri. Angeweza kumsahihisha mbele ya watu. Alishuka akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama. Kuku tumempokea. Sasa tusimame tuombe, ili habari hii aliyotuletea mama iwafikie na wale wanaopigana, maana inaonekana bado hawajaisikia."

Watu wakacheka, wakasimama, wakaomba kweli. Lakini bibi hakuwa mjinga. Aliposikia tafsiri ya maneno yale alinitafuta kwa macho safu hadi safu, na aliponipata sikuweza tena kuhesabu mabati.

Tulipanda mlima wote, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika akakaa kwenye kigoda cha babu, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Hawajapatana," akasema.

"Hapana, bibi."

"Na wale wa mafuriko, waliolala shuleni?"

"Sijui walikolala."

"Ng'ombe wa kaskazini?"

Nikatikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile ya mavi?"

"Ni mimi."

"Na maziwa?"

"Ni mimi, bibi."

Nilisubiri fimbo. Fimbo ilikuwepo, imeegemea ukuta, nami niliona kwamba nayo inaniona. Bibi akavuta pumzi, akasema, "Nikadhani sasa serikali imeanza kutupenda kidogo." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda alianza kwa kulia, lakini alimalizia kwa kucheka mpaka akapangusa macho kwa kilemba. Aliporudiwa na pumzi akatoa hukumu. Kwanza, mavi nitayazoa peke yangu mpaka nimalize darasa la saba. Pili, kuanzia siku hiyo hataki kutafsiriwa.

"Nifundishe hicho Kiswahili chenu," akasema. "Mtu akitaka kunidanganya anidanganye mwenyewe, asipitie kwa mjukuu wangu."

Tukaanza. Kila mchana baada ya shule tulikaa na redio na daftari langu la mistari mipana. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Alinitesa kwa maswali kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha baadaye. Kwa nini mtu ni m na watu ni wa? Nani alisema kiti kiwe ki? Kwa nini "amesema" na "amesemwa" zinafanana wakati mmoja ana mdomo na mwingine ana kesi? Baada ya mwaka mmoja na kitu, bibi alikuwa anasikiliza taarifa ya habari peke yake, mimi nikiwa zizini kutumikia kifungo.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kwa kuwa alijifunza kwa watangazaji, Kiswahili chake kilikuwa cha watangazaji. Hakujua kusema "mbuzi wamekula mboga." Alisema, "Mbuzi wamefanya uharibifu mkubwa, na mimi nalaani vikali." Jirani akimuuliza hali, anajibu kwamba hali ya usalama bomani ni shwari. Sokoni Nyamwaga aliwahi kumwambia mwenye nyanya, "Pande mbili zimeshindwa kuafikiana," akaondoka, na yule mama akabaki anawauliza wenzake kama huyo ni diwani.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu watu huniuliza kwa nini nikawa mwalimu, nami sina jibu lingine. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa na meno machache na alinifundisha kwamba swali baya halipo. Siku hizi nafundisha shule ya msingi wilayani Serengeti, kwenye kijiji kilichopakana na hifadhi, si mbali na Robanda. Bibi bado yupo mlimani. Macho yamefifia, masikio yako vizuri, redio imekuwa simu.

Asubuhi nikifungua simu yangu Afrika yote inaingia kwa pamoja kabla sijapiga mswaki. Kuna mapinduzi huku, mafuriko kule, vijana wamekwama jangwani wakitafuta Ulaya, bei ya mafuta imepanda, mtu mmoja anacheza muziki na mbwa. Nimejaribu kuizoea kama watu wengine, kidole kinapandisha, macho yanapita. Siwezi. Nikifika kwenye picha ya watu kwenye mahema najikuta nauliza wamekula nini. Ni ugonjwa wa kurithi. Sidhani kama nataka kupona.

Mwaka juzi nikaanzisha taarifa ya habari mstarini. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja wa darasa la sita anasoma habari mbele ya shule, moja ya duniani na moja ya kijijini, na masharti ni kwamba aseme kaipata wapi. Mwalimu mkuu hakupenda. Ni mtu mwema, katokea Iringa, anapenda ratiba. "Mwalimu," akaniambia, "mstarini tunakagua kucha na kutangaza michango. Mambo ya dunia yatatuchelewesha kipindi." Akaniruhusu dakika tano.

Ijumaa moja ikawa zamu ya msichana mmoja mwembamba, mtulivu, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "hajambo mwalimu" kwa kukosea. Akasoma habari ya duniani vizuri. Kisha akageuza karatasi.

"Habari za kijijini. Tembo sita wameingia shambani kwetu na kula mahindi yote. Walikula pia maboga. Chanzo cha habari hii ni mimi, nimeona nyayo na mavi. Baba amesema tumekwisha. Mama amesema tutapanda mtama. Msomaji wa habari hii hajanywa chai."

Shule nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akatabasamu, kwa sababu aliiandika ichekeshe. Mimi niligeuka nikajifanya nakagua bendera. Mwalimu mkuu alikohoa, akatazama saa, kisha akamwambia mpishi wa uji aanze na darasa la sita.

Jioni nikampigia bibi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Tembo hao ni wa nani?" akauliza.

"Wa hifadhi, bibi. Wa serikali. Wa taifa."

"Kama wana mwenyewe, aje awachunge," akasema. Kwake mnyama asiye na mchungaji hayupo. "Na wewe umefanya nini?"

"Mimi? Mimi ni mwalimu."

"Ndiyo maana nauliza."

Jumatatu nikawauliza darasa la sita. Walijua zaidi yangu. Mmoja alisema tembo anaogopa nyuki. Mwingine alisema kwa shangazi yake walifunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, tembo wakanusa wakageuka. Nyuki hatukuwa nao. Pilipili kichaa ziko kila ua. Oili chafu tulipewa na gereji moja ya Mugumu, dumu zima, tena fundi alifurahi kuiondoa. Wazazi wakaleta kamba na vitambaa vikuukuu. Nikaiandika kwenye andalio la somo kama somo la sayansi, mada: hisi za wanyama.

Hisi za mwalimu ndizo zilizojulikana kwanza. Tulitwanga pilipili uwanjani kwenye vinu viwili, upepo ukageuka, shule nzima ikaanza kupiga chafya kuanzia chekechea hadi la saba. Nikajisahau nikajipangusa jicho. Watoto walinishika mkono kunipeleka bombani huku wamekufa kwa kicheko, na yule msichana mtulivu alinimwagia maji akinituliza kama mama mtu: "Pole mwalimu, usifikiche, usifikiche."

Tulifunga kamba kuzunguka shamba la kina msichana huyo, lililokuwa limepandwa mtama. Baba yake, yule aliyesema wamekwisha, alikuwa anatuangalia kwa mbali. Baadaye akaja, akashika upande mmoja wa kamba, akaanza kukaza mafundo yetu, maana kwa kweli yalikuwa mabaya.

Sitadanganya, nilishaacha. Kamba siyo ukuta wa chuma. Mvua ikinyesha inabidi upake upya, na kuna tembo mmoja mzee asiyejali. Lakini wiki zile mtama ulichipua ukapita magoti, na nyayo zilifika kwenye kamba zikageuka. Nilikwenda mwenyewe nikaziona. Nikainama nikapima moja kwa viganja. Ilikuwa kama sinia la pilau, na ilielekea upande mwingine.

Upande huo mwingine ndiko kulikokuwa na shamba la mwalimu mkuu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta ameketi ofisini bila kofia, ameacha kukagua kucha.

"Mwalimu," akasema, "wamemaliza mistari yote ya mahindi ya nyuma ya nyumba. Mmoja aliegemea choo changu. Nilikuwa ndani."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya choo."

Nilimpa pole. Nilimpa pole kwa sauti ya kazi, macho nimeyashusha, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya tangu niajiriwe. Akanitazama, akajua, akaanza kucheka yeye kwanza.

Mchana huo alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akaomba apewe mchi. Darasa la sita likagawana zamu. Yule msichana alikuwa ndiye msimamizi. Alipita kwenye vinu na daftari mkononi, akikagua unga wa pilipili kama anakagua mtihani wa taifa. Alipofika kwa mwalimu mkuu akachungulia kinuni, akasita kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo mwalimu. Bado mbegu nzima nzima. Twanga tena."

"Marahaba," akajibu mwalimu mkuu, machozi yanamtiririka, akatwanga.